Mama, Je, Biashara Yako Inahitaji Tovuti?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mama anayeoka mikate kwenye chumba cha uani anajua kwamba hata chema kisipoonekana hukaa mpaka kikaota ukungu. Biashara inataka kuonekana. Ndiyo maana siku hizi, kwenye vikao vya VICOBA na hata nje ya kanisa baada ya ibada, akina mama wanaulizana: je, nifungue tovuti?

Swali hili si dogo kama linavyoonekana. Kwa kampuni kubwa, tovuti ni gharama moja kati ya nyingi. Kwa mama mwenye cherehani mbili au jiko la gesi la kuokea keki, fedha hiyo inatoka kwenye mfuko ule ule unaolipa ada ya shule, unga na nauli. Pengine inatoka kwenye mkopo wa kikundi, ambao wanachama wenzake wamemdhamini. Hivyo inafaa tulitazame bila haraka, bila kuona haya, na bila kuogopa kuonekana tumepitwa na wakati.

Mimi ni muuguzi, si mtaalamu wa kompyuta. Lakini uuguzi umenifundisha jambo moja linalofaa hapa. Mgonjwa akifika anadai sindano, hatumpi sindano. Tunamkalisha na kumuuliza: unaumwa wapi, tangu lini, umekula nini? Dawa huja baada ya maswali. Tovuti nayo ni dawa. Inaponya tatizo fulani, na kwa tatizo jingine haisaidii kitu. Basi tuanze na maswali.

TOVUTI NI NINI HASA?

Tovuti ni kurasa zinazokaa kwenye kompyuta iliyowashwa usiku na mchana, ambazo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzifungua akiwa Mwanza, Mombasa au Ujerumani. Ndani yake waweza kuweka picha za bidhaa, bei, namba za simu, saa za kazi na maelezo ya mahali ulipo.

Kuna mambo matatu yanayolipiwa. La kwanza ni jina la tovuti. Biashara za Tanzania nyingi huchukua jina linaloishia na .co.tz, na za Kenya .co.ke. Jina hili huwi nalo moja kwa moja. Unalilipia kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja mmoja, na usipolipa unaweza kulipoteza na mtu mwingine akalichukua. La pili ni nafasi ya kuhifadhia kurasa zako, ambayo ni kama pango la kibanda sokoni. La tatu ni kazi ya fundi anayetengeneza kurasa zenyewe. Kazi hiyo haiishi siku ya kukabidhiwa, kwa kuwa bei hubadilika, bidhaa huisha, na mitambo nayo hutaka matengenezo.

Tovuti ni tofauti na ukurasa wa Facebook au Instagram, na ni tofauti na WhatsApp. Kwenye hizo umealikwa nyumbani kwa mtu mwingine. Kwenye tovuti una mlango wako mwenyewe. Tofauti hiyo tutairudia.

MTEJA WAKO ANATOKA WAPI?

Hili ndilo swali la kwanza. Chukua daftari lako la mauzo na uwatazame wateja ishirini wa mwisho. Waliletwa na nani? Mali bila daftari hupotea bila habari, na kama huna daftari, usitafute tovuti. Tafuta daftari.

Tuwafikirie akina mama watatu.

Wa kwanza anashona sare za shule. Wateja wake ni wazazi wa shule tatu zilizo karibu naye. Wanamjua, watoto wao wamepimwa mwilini, na mwezi Januari foleni inafika barabarani. Huyu mama hana shida ya kujulikana. Shida yake ni mikono michache na vitambaa kupanda bei. Ukimpa tovuti leo, atapata simu za watu wa mbali ambao hawezi kuwashonea, na Januari yake haitabadilika. Fedha hiyo ingemfaa zaidi kwenye cherehani ya tatu.

Wa pili anaoka keki za harusi na kipaimara. Wateja wake wanatoka mji mzima, na kila mmoja anataka kuona picha kabla ya kuagiza. Huyu anahitaji kuonekana, lakini wateja wake wako kwenye simu, wanatumiana picha usiku. Programu ya WhatsApp ya biashara, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2018 na kuipakua ni bure, inamwezesha kuweka orodha ya keki zake pamoja na picha na bei, na kuandaa salamu inayojijibu yenyewe anapokuwa jikoni. Akiongeza ukurasa wa Instagram wenye picha safi, kwa sasa anatosheka. Tovuti yaweza kusubiri.

Wa tatu ana nyumba ya wageni yenye vyumba vitano huko Marangu, karibu na lango ambalo wageni wengi hupitia kupanda Mlima Kilimanjaro. Wateja wake hawapiti mlangoni kwake kwa bahati. Wanapanga safari wakiwa kwao, miezi kadhaa kabla, na wanatafuta kwa kompyuta. Hawana namba yake ya simu wala hawamjui mtu anayemjua. Wengi wanampata kupitia mawakala wa mtandaoni kama Booking.com, ambao hukata kamisheni kwenye kila chumba wanachomletea. Kwa mama huyu tovuti si pambo. Mgeni aliyekwisha kulala kwake mara moja na kupenda uji wake anaweza kumwandikia moja kwa moja safari ijayo, na kumpa jirani yake jina la tovuti. Kila anayekuja kwa njia hiyo, kamisheni yake inabaki nyumbani.

Unaona, mama mwenzangu? Wote watatu ni wachapa kazi, na wote wana bidhaa nzuri. Jibu linatofautiana kwa sababu wateja wao wanatembea njia tofauti. Kanuni yenyewe ni rahisi: kama mteja wako anakupata kwa miguu au kwa kuambiwa na jirani, tovuti haina haraka. Kama mteja wako ni mgeni asiyekujua, anayetafuta akiwa mbali, na anayetaka kuhakikisha kabla ya kutoa fedha, tovuti inaanza kuwa na maana.

KUPANGA NYUMBA YA MTU NA KUWA NA YAKO

Wengine watasema: kama Facebook na WhatsApp ni bure, kwa nini mtu ajisumbue na tovuti? Swali ni la haki. Jibu lake ni lile la mpangaji. Chumba cha kupanga ni kizuri na hakina gharama ya kujenga, lakini mwenye nyumba akibadili kufuli, huna la kusema.

Tarehe 4 Oktoba 2021, kuanzia jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Haikuwa vita wala mgomo. Ilikuwa hitilafu ya ndani ya kampuni. Mfanyabiashara ambaye namba zote za wateja wake ziko WhatsApp peke yake alikaa gizani kama sisi sote. Mfano mwingine ni Google. Kwa miaka kadhaa iliwapa wafanyabiashara wadogo tovuti rahisi za bure. Machi 2024 ilizizima. Aliyekuwa amechapisha anwani hiyo kwenye kadi na mifuko yake alilazimika kuanza upya.

Lakini tusidanganyane kwamba tovuti haina matatizo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo mwenye tovuti na mwenye Instagram walikuwa mtumbwi mmoja. Kwa hiyo hata ukiwa na tovuti nzuri namna gani, chapisha namba yako ya simu kwenye mfuko, kwenye boksi la keki na kwenye lebo ya nguo. Na ziandike namba za wateja wako wakubwa kwenye daftari la karatasi.

HESABU YA FEDHA

Tufanye hesabu moja kwa mfano. Tuseme unauza vitenge vya batiki, na kila kimoja kinakuachia faida ya shilingi 7,000 baada ya kutoa kitambaa, rangi na nta. Fundi amekuambia atatengeneza tovuti kwa shilingi 600,000, na kila mwaka utalipa shilingi 150,000 kwa ajili ya jina, nafasi na matengenezo madogo.

Kwa miaka mitatu utakuwa umetoa 600,000, pamoja na 150,000 mara tatu. Jumla ni shilingi 1,050,000. Gawanya kwa 7,000. Utahitaji kuuza vitenge 150 zaidi ya vile ambavyo ungeuza bila tovuti, ili tu urudishe fedha yako. Hivyo ni kama vitenge vinne na kidogo kila mwezi kwa miezi 36. Bado hujahesabu bando la intaneti, muda wa kupiga picha na kujibu maswali, wala riba kama fedha ni ya mkopo.

Je, vitenge vinne kwa mwezi ni vingi? Kwa mama anayeuza vitenge 100 kwa mwezi, la. Kwa anayeuza kumi, ni vingi sana. Weka tarakimu zako mwenyewe mahali pa hizi zangu, ufanye hesabu mwenyewe kwa kalamu. Na jambo hili uliangalie sana: hesabu mauzo yaliyoongezeka, usihesabu mauzo yote. Mteja aliyekuwa anakuja tangu zamani, hata kama leo ametazama tovuti yako, hakuletwa nayo.

Kama hesabu haikubali, usikope. Mkopo wa kikundi uende kwenye kitu kinachozaa mapema, ili marejesho yasije yakala chakula cha watoto.

NANI ATASHIKA UFUNGUO?

Hapa ndipo akina mama wengi wanapoumia, na mara nyingi si kwa ubaya wa mtu. Mama mmoja ninayemfahamu, mwuza asali na viungo, alitengenezewa tovuti na kijana wa mtaani kwao. Kijana alimwambia, "Mama, siku hizi usipokuwa na tovuti ni kama haupo." Naye akajibu, "Haya mwanangu, nitengenezee tu, mambo hayo unayajua wewe." Kijana akafanya kazi nzuri. Jina la tovuti akaliandikisha kwa barua pepe yake mwenyewe, na neno la siri akakaa nalo yeye. Baada ya mwaka mmoja na nusu alipata kazi mji mwingine na kubadili namba ya simu. Ankara ya mwaka ikatumwa kwake, mama hakuiona. Tovuti ikazimika, na jina likapotea. Lebo 500 zilizochapwa jina lile zikabaki kabatini.

Kijana hakuwa mwizi. Lakini hakuna anayejenga nyumba, hati ikaandikwa jina la fundi. Kwa hiyo, kabla ya kutoa shilingi moja, kubalianeni haya kwa maandishi, hata kama fundi ni mtoto wa dada yako:

1. Jina la tovuti liandikishwe kwa jina lako au la biashara yako, kwa barua pepe unayoifungua wewe.

2. Maneno yote ya siri upewe, uyaandike, na uyatunze mahali pa siri kama unavyotunza kadi ya benki. Mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini ajue yalipo.

3. Muandikiane ni kurasa ngapi, kwa fedha kiasi gani, zitakamilika lini, na kila mwaka ni nini kitalipwa.

4. Ufundishwe kubadili bei na picha mwenyewe. Tovuti yenye bei za mwaka juzi inafukuza wateja kuliko kukosa tovuti.

5. Usilipe fedha zote mwanzoni. Bakiza sehemu mpaka uione tovuti ikifunguka kwenye simu ya kawaida, kwa kuwa wateja wetu wengi hutazama kwa simu, na picha nzito humaliza bando lao.

UAMINIFU HAUTENGENEZWI NA FUNDI

Watu wetu wameumizwa. Nani hajawahi kupokea ujumbe wa tapeli usemao ile hela itume kwenye namba hii? Kwa sababu hiyo mteja asiyekujua anakutilia shaka, na tovuti yenye maua na rangi haitamwondolea shaka hiyo. Kinachomtuliza ni mambo ya wazi: jina kamili la biashara, mtaa ulipo, picha halisi za kazi yako na si zile ulizochukua kwa wengine, bei zilizoandikwa, na namba inayopokelewa. Kama unapokea malipo kwa simu, tumia lipa namba inayoonyesha jina la biashara, ili mteja aone anamlipa nani. Kama unauza chakula au vipodozi, fuatilia alama ya TBS kabla ya kufikiria tovuti. Ofisi za SIDO mikoani huwasaidia wajasiriamali wadogo kwa mafunzo na ushauri, nawe unaweza kuanzia huko.

Nawe pia jilinde. Atatokea "mteja" atakayedai amekutumia fedha kupita kiasi na anaomba umrudishie chenji upesi. Tazama salio lako kwanza, usitazame ujumbe. Namba yako ya siri ya simu usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa wa kampuni ya simu.

Kuhusu picha, usiweke za watoto wa wateja wakiwa wamevaa sare yenye jina la shule bila ruhusa ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Majina, namba na anwani za wateja wako ni amana. Usizigawe.

Na kama muuguzi naomba neno moja. Ukiuza asali, mafuta ya mwarobaini au unga wa mlonge, usiandike kwamba vinatibu kisukari, presha au saratani. Maneno yaliyoandikwa kwenye tovuti yanasomwa na mtu usiyemwona. Huko wodini tunawapokea wagonjwa walioacha vidonge vyao kwa kuamini maneno ya namna hiyo, na wengine wanafika wakiwa wamechelewa sana. Asali ni tamu na ni chakula kizuri. Hiyo inatosha kuiuza.

KAMA JIBU NI "BADO"

Kusema "bado" si kushindwa. Yapo mambo unayoweza kufanya mwezi huu kwa gharama ndogo. Andikisha biashara yako kwenye ramani ya Google. Ni bure, na baada ya kuthibitishwa, mtu anayetafuta fundi cherehani au keki karibu naye anaweza kukuona pamoja na namba yako na saa za kazi. Panga orodha yako ya WhatsApp. Piga picha mchana kwenye mwanga wa dirisha, juu ya kitambaa cheupe. Muulize kila mteja mpya, "Umetufahamu kupitia nani?" na uandike jibu. Baada ya miezi sita, daftari hilo litakuambia kama wakati wa tovuti umefika.

KAMA JIBU NI "NDIYO"

Anza na ukurasa mmoja au miwili. Jina la biashara, unachouza, bei, picha sita nzuri, mahali ulipo, namba ya simu. Andika kwa Kiswahili kama wateja wako ni Waswahili, na uongeze lugha ya wageni kama unawauzia wageni. Chagua jina fupi ambalo mtu akilisikia redioni ataweza kuliandika bila kuuliza. Andika kwenye kalenda ya ukutani tarehe ya kulipia mwaka ujao. Na uweke kipimo: baada ya mwaka mmoja, imeleta wateja wangapi? Kama haikuleta, una haki ya kuifunga bila aibu.

ZUNGUMZENI NYUMBANI

Mwisho, usiifanye kazi hii kwa siri. Kaa na mwenzako jioni moja, mkiwa na daftari mezani. Huenda baba ataona ni anasa, au yeye ndiye atakayetaka tovuti kubwa kuliko uwezo wenu. Mwonyeshe hesabu. Waiteni na vijana, maana mara nyingi wao ndio watakaopiga picha na kujibu ujumbe, na ni vizuri wajue kwamba nyuma ya kila picha kuna mama aliyeamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko.

Maswali ya kujadili kikundini:

- Kati ya wateja wetu ishirini wa mwisho, wangapi walikuwa wageni kabisa, na walitupataje?
- Ni mauzo mangapi zaidi kwa mwezi yanahitajika ili tovuti ijilipe?
- Je, akina mama wanne au watano wanaouza vitu vinavyofanana wanaweza kuchangia tovuti moja, na nani atashika ufunguo wake?